Koti la Dada Nyasatu

Harufu ya belo la mitumba linapokatwa kamba haifanani na harufu nyingine. Ni dawa, vumbi, sabuni ya watu usiowajua na unyevu wa safari ndefu, vyote vimebanwa pamoja mpaka vimekuwa kitu kimoja. Wengine huipenda, kwao ni harufu ya bahati, ya kuwahi kuchagua kabla ya wenzao. Mimi nikikutana nayo mnadani Bunda mate hunikauka na vidole vyangu hujikunja vyenyewe. Mume wangu alipoiona hali hiyo mara ya kwanza alidhani nimechomolewa pochi. Nilimwambia ndiyo, nimeibiwa, lakini si leo. Niliibiwa nikiwa na miaka kumi na mmoja, mchana kweupe, na mwizi nilimpa kitu chenyewe kwa mikono miwili huku nimepiga magoti.

Mwaka ule dada yangu Nyasatu alichaguliwa kwenda kidato cha tano. Shule yenyewe ilikuwa Makete, huko nyanda za juu kusini, mahali ambapo hakuna hata mmoja katika ukoo wetu aliyewahi kufika. Baba alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, na mama alikuwa ametutoa Bugwema, nyumbani kwa baba, akatuleta Musoma mjini. Tulikaa chumba kimoja juu kidogo ya mwalo wa Mwigobero. Kila asubuhi mama aliteremka kupokea dagaa kwenye mitumbwi, akawaanika, akawauza kwa visado vya kupimia. Kule Bugwema alibaki baba mkubwa Magesa, kaka yake baba, akiwa na mtumbwi na nyavu alizoacha baba. Alisema anatutunzia. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mwenye sauti nzito na ya taratibu iliyowafanya watu waache kutafuna alipoanza kusema.

Barua ya shule ilikuja na orodha ya vitu. Mama hakusoma sana, kwa hiyo Nyasatu alimsomea kwa sauti, na mama alikuwa anaitikia kila kitu kwa kichwa: ndoo, godoro, madaftari, jembe. Halafu wakafika mahali palipoandikwa sweta zito, koti la baridi, soksi za sufu, kofia na glovu. Mama akamkatiza. "Glovu za nini? Kwani mnakwenda kurina asali?" Tulicheka sote. Sisi watu wa ziwani baridi yetu ni upepo wa alfajiri ya mwezi wa sita, ule unaokufanya ujifunge kanga ya pili mpaka jua lichomoze. Hatukujua baridi nyingine. Aliyetutoa ujinga ni jirani yetu, dereva mstaafu wa malori aliyewahi kupeleka mzigo huko kusini. Alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai akasema, "Mama Nyasatu, usicheke. Kule asubuhi nyasi zinakuwaga nyeupe kama zimemwagiwa chumvi. Na mwezi wa saba ndiyo wenyewe. Huyo mtoto ukimpeleka na kanga, utaletewa maiti."

Mama hakucheka tena. Siku ya mnada alitufungisha safari ya Bunda, mimi na Nyasatu, na gunia la dagaa wa kubadilisha. Namkumbuka vile alivyoingia kwenye lile lundo la nguo. Mama yangu alikuwa mtu wa haya, mtu anayepisha wengine njiani, lakini siku ile alizama mpaka kwapani, akivuta mikono ya nguo kama anavuta samaki kwenye wavu, akinusa, akipima uzito kwa kiganja, akitupa, akivuta tena. Tulipata suruali nene ya mazoezi ya kuvaa ndani ya sketi. Tulipata masweta matatu yaliyochoka, moja jekundu, moja la kijivu na moja la kijani kibichi, yametoboka viwikoni kiasi kwamba muuzaji aliyafungashia tu kama nyongeza. Na chini kabisa, penye zile nguo ambazo wateja wa huku hawazigusi kwa sababu ya joto, mama akalivuta koti.

Lilikuwa koti la kiume la sufu, jeusi, refu mpaka chini ya magoti, zito kama mtoto aliyelala. Muuzaji alicheka. "Mama, hilo umelipenda? Limekaa hapa tangu mvua za masika. Huku nani atalivaa, labda maiti!" Mama alimvalisha Nyasatu palepale juani, akamzungusha, akamfunga vifungo. Kimoja kilikuwa hakipo. Nyasatu alikuwa mrefu kama baba, hata hivyo mikono ya koti ilimfunika vidole. Jasho lilikuwa linamtiririka na bado hakutaka kulivua. Alisema, "Mama, nikiwa ndani humu hata nikisukumwa siwezi kuanguka." Wengi pale waligeuka kumtazama, na mama alisimama pembeni kwa namna ambayo sikuwahi kumwona amesimama tangu baba afe.

Kazi iliyofuata ilichukua wiki tatu, na kama si yaliyokuja baadaye ningesema zilikuwa wiki tamu kuliko zote za utoto wangu. Yale masweta matatu tuliyapeleka Butiama kwa bibi, mama yake mama. Bibi alifundishwa kufuma na akina mama wa kanisa alipokuwa msichana, na sindano zake zilikuwa spoku mbili za baiskeli alizozinoa kwenye jiwe mpaka zikateleza kama mfupa wa samaki. Alinifundisha kufumua. Unatafuta uzi wa mwisho begani, unaukata mahali pamoja tu, halafu unavuta, na sweta zima linakuja mkononi mwako mstari kwa mstari, kwa mlio mdogo kama wa panya anayekwangua. Uzi ukitoka unakuwa umejikunja kunja kwa kukaa miaka mingi katika umbo moja. Bibi aliufunga mafungu, akaufua, akauning'iniza kwenye kamba na kuutundikia mawe chini ili unyooke. Ua wake wote ukajaa nyuzi nyekundu, kijivu na kijani zikiyumba, na mbuzi wa jirani akala fungu moja la kijani, tukamkimbiza mpaka kwenye miamba huku bibi akimtukana kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika. Alimpima Nyasatu kwa shubiri, kifua, mgongo, mkono. Hakuandika popote. Kila nilipomuuliza litaisha lini aliniambia haba na haba hujaza kibaba, na vidole vyake havikusimama hata alipokuwa anaongea.

Huku Musoma mama alishughulika na koti. Fundi cherehani alitaka kukata mikono, mama akakataa: mtoto bado anakua, kunja kwa ndani tu, ushone kwa uzi mrefu unaofumuka. Bitana ya ndani ilikuwa imechanika. Mama alikaa siku nzima akiitazama, halafu akafungua sanduku akatoa blanketi la baba. Ni blanketi alilougulia baba, la rangi ya udongo, na tangu mazishi hakuna aliyelala nalo. Alilikata kwa mkasi, akalishona ndani ya koti kwa mkono wake, mishono midogo midogo, kila jioni aliporudi Mwigobero vidole vikinuka dagaa. Kifungo kilichokosekana alikichukua kwenye shati la baba. Hakikufanana na vingine, kwa hiyo alikiweka cha chini kabisa. Koti lilipokamilika alilitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, na Nyasatu akaniambia mimi, "Nyangeta, asiliguse mtu." Nilikubali. Nililichunga kama askari.

Siku moja kabla ya safari, Nyasatu alikwenda Butiama kumuaga bibi na kuchukua sweta, maana mkono wa kushoto ndiyo kwanza ulikuwa umemalizika. Mama alikuwa Mwigobero. Mimi nilibaki nyumbani nachambua mchele wa kumpikia msafiri. Kulikuwa na upepo siku ile, na mawingu, na vumbi la barabarani. Alasiri mlango ukagongwa, na alipoingia baba mkubwa Magesa nikaacha ungo, nikapiga magoti, nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mama yako yuko wapi?"

"Yuko Mwigobero, baba."

"Na msafiri wetu?"

"Ameenda Butiama kwa bibi."

Akaketi. Akasema anakwenda msibani Buswahili, kwamba upepo huu ni mbaya kwa kifua cha mtu mzima, na watalala nje kama ilivyo desturi ya matanga. Nikamletea maji. Wakati anakunywa macho yake yalikuwa yamefika nyuma ya mlango. Alisimama, akalishika koti, akaligeuza ndani. Nadhani alilitambua blanketi, kwa sababu alilipapasa mara mbili.

"Hili ndilo koti la Nyasatu?"

"Ndiyo, baba."

"Nipe niazime. Kesho kabla ya basi litakuwa limefika hapa. Nitampa kijana wa pikipiki alilete."

Nataka ieleweke kwamba nilijua. Watu husema mtoto hajui. Nilijua kabisa kwamba koti lile halipaswi kutoka, nilijua basi linaondoka alfajiri, nilijua Buswahili si karibu. Kila kitu ndani yangu kilikuwa kinasema hapana. Lakini neno hilo sikuwa nalo mdomoni, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuniwekea. Nililelewa kwamba mkubwa akisema "nipe," mkono unatangulia, akili itafuata baadaye. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikapanda kigoda, nikalitoa koti kwenye msumari, nikashuka, nikapiga magoti, nikamkabidhi kwa mikono miwili. Alilivaa. Lilimkaa sawasawa, kana kwamba mama alimpima yeye. Akajitazama kwenye kioo kidogo cha Nyasatu, upande huu na upande huu, akanipapasa kichwani. "Mtoto ana adabu huyu," akasema, akaondoka.

Mama aliporudi aliona msumari kabla hajaniona mimi. Nilimweleza. Alikaa chini mlangoni na beseni bado liko kichwani. Halafu akasema, si kwangu, kwa hewa tu, "Atalirudisha. Ni mtu wa kanisa." Nyasatu alirudi jua likizama, amevaa lile sweta la bibi lenye mistari mitatu, anacheka, kofia na glovu za kijivu mfukoni, na kicheko chake kilivyokatika sijakisahau. Hatukuwa na simu. Hakukuwa na wa kumtuma. Alfajiri tulisimama stendi tukitazama kila pikipiki iliyoingia, na mama akamwomba dereva wa basi asubiri, na dereva akasubiri kidogo, akapiga honi. Nyasatu alipanda na sweta lake na shuka la kimasai ambalo yule jirani dereva alilivua mabegani mwake mwenyewe akampa. Aliniinamia dirishani. "Usilie, Nyangeta. Wewe hukukosa kitu." Nilikuwa bado sijalia. Nilianza hapo.

Siku ya kwanza ilipita, ya pili, ya tatu. Marehemu wa Buswahili alishazikwa na watu wameshatawanyika, koti halijaja. Jumapili mama akanichukua tukaenda Bugwema, akisema tutasali kwanza, halafu atamfuata shemeji yake nyumbani amwombe kwa utaratibu ili koti litumwe kwa basi. Tulikaa benchi la katikati upande wa wanawake. Ulipofika wakati wa matangazo baba mkubwa akasimama mbele akiwa amelivaa. Jua lilikuwa linawaka, bati linalia kwa joto, watu wanajipepea kwa leso, na yeye amefunga vifungo vyote mpaka kile cha chini cha baba. Alizungumza juu ya ukarimu. Alisema nyumba isiyotoa haiwezi kupokea. Watu waliitikia kwa vichwa. Mimi nilimtazama mama. Alikuwa ameyakodolea macho magoti yake.

Sikupanga kusimama. Miguu ilisimama. Nikasikia sauti yangu, nyembamba, kubwa kuliko nilivyotaka: "Baba, hilo koti ni la dada Nyasatu. Ulisema utalirudisha kabla ya basi."

Baba mkubwa hakukasirika. Laiti angekasirika! Alitabasamu kwa huruma, kama mtu anayemwona mgonjwa. Akaanza kufungua vifungo kimoja kimoja, polepole, akalivua, akalishika juu ili watu waone lile blanketi la ndani. "Ndugu zangu, mnaliona hili? Ni blanketi la mdogo wangu, niliyemzika kwa mikono yangu hii. Nilidhani nina haki ya kuota joto lake kidogo. Lakini kama kwa wajane wetu siku hizi nguo ni kubwa kuliko baba, basi, chukueni." Akaliweka juu ya benchi la mbele, akakaa, akainamisha kichwa.

Kilichofuata ndicho kinachonifanya niandike. Sauti zikaanza kunong'ona, halafu zikapanda. Aibu gani hii. Mtoto wa nani huyu. Mama yake anamfundisha nini huko mjini. Wazee wawili wakamwendea wakimsihi alivae, wasiache Shetani aingie katikati ya ukoo. Naye anatikisa kichwa, hapana, hapana, acheni walichukue. Hapo mama akainuka. Alinipiga kofi moja, mbele ya watu wote, kofi lililofanya sikio langu la kulia lilie mpaka jioni. Kisha akatembea mpaka mbele, akaliokota koti alilolishona kwa mkono wake, akaenda nyuma ya shemeji yake, akamvika mabegani. Akapiga magoti, akasema, "Tusamehe, baba." Na watu wakashangilia. Wanawake wakapiga vigelegele. Wimbo ukaanzishwa.

Funika kombe mwanaharamu apite, ndivyo wanavyosema. Walilifunika vizuri sana, kwa nyimbo, na mwanaharamu alikuwa mimi.

Tulipofika chumbani mama alijifungia kanga kichwani, akalia mpaka ukuta ukatetemeka, akashika sikio langu, akalipuliza, akalipuliza tena, kama unavyompuliza mtoto aliyeungua. Nilimchukia kwa miaka mingi. Sasa ninajua kwamba shamba letu lilikuwa kwa baba mkubwa, mtumbwi ulikuwa kwa baba mkubwa, kaburi la baba lilikuwa uani kwa baba mkubwa, na kwamba mjane aliyegombana na ukoo kwa ajili ya koti hana pa kuzikwa. Ninajua haya yote na ninaweza kuyaeleza kwa utulivu mbele ya yeyote. Ila kuelewa si maji, hakuzimi kitu. Nikimwelewa mama ndipo ninapowakasirikia zaidi wale waliokaa kwenye mabenchi yale, watu wazima, wenye nguvu zao na viungo vyao, waliojua koti ni la nani, kwa sababu Bugwema kila mtu anajua kijiko cha kila mtu, na hakuna hata mmoja aliyesema, "Mzee, mrudishie mtoto nguo yake."

Barua za Nyasatu zilikuja mbili. Ya kwanza ilikuwa na mzaha: nyasi kweli ni nyeupe, maji kwenye ndoo yana ngozi juu yake, wenzangu wananiita Bendera kwa sababu ya sweta la bibi. Alilivaa mchana na akalala nalo. Ya pili haikuandikwa kwa mkono wake. Mwenzake wa bwenini alitufahamisha kwamba Nyasatu amelazwa, mapafu yote mawili, na kwamba anakohoa mpaka anazimia. Mama alianza kutafuta nauli ya kumfuata, na kabla hajaipata mwalimu mmoja wa kike akamsindikiza mpaka Musoma. Aliyeshuka kwenye basi sikumtambua. Lile sweta lililompwaya kidogo bibi alipomvalisha sasa lilikuwa linaning'inia kama bado liko kwenye kamba. Mwaka ule haikuwezekana kurudi shule, na mwaka uliofuata daktari alikataza asirudishwe kwenye baridi, na nafasi ya kuhamia shule nyingine ilihitaji mtu wa kuifuatilia ofisini, na mtu huyo hatukuwa naye. Nyasatu alipenda ramani. Alitaka kuwa mpima ardhi. Baba mkubwa alikuja kumwona mgonjwa, akaketi kitandani, akatikisa kichwa. "Mtoto wa ziwani hawezi baridi. Mimi nilisema tangu mwanzo." Hakuwahi kusema lolote tangu mwanzo. Na siku hiyo hakuwa amelivaa koti, kwa sababu kulikuwa na joto.

Wapo wenye busara wanaoniambia kwamba hata kama angekuwa nalo angeweza kuugua. Wanafunzi wengine wenye makoti waliugua. Inawezekana. Sina mzani wa kupima pumzi ya dada yangu na kilo za sufu. Ninachojua ni kwamba watu wanne, yaani mama, bibi, Nyasatu na mimi, na dereva mstaafu nikimhesabu watano, tuliweka kati yake na baridi kila kitu tulichokuwa nacho, na mtu mmoja aliyekuwa anakwenda kulala nje siku moja alikitoa. Miaka kadhaa baadaye nilipita Bugwema nikaliona koti lile ufukoni. Lilikuwa limefunika mashine ya boti, limelowa mafuta, na blanketi la baba limetokeza chini kama ulimi.

Nyasatu ameolewa Bunda na anafundisha watoto wa chekechea. Anapanda kilima kwa vituo, akisimama kila baada ya hatua chache akijifanya anatazama mandhari. Yeye amesamehe. Ananiambia hivyo kila mwaka, na ninamwamini, maana uso wake hauna mkunjo wa uongo. Mwaka jana baba mkubwa alipofariki tulikwenda kuzika wote wawili. Wasifu wake ulisomwa kwenye kipaza sauti, mrefu, na mahali fulani katikati msomaji akasema marehemu aliwavika wajane na yatima wa ukoo huu. Nilihisi miguu inaanza kusimama tena, kama ile Jumapili. Nyasatu alinishika mkono, akanibana, akaninong'oneza, "Nyangeta, basi. Amekufa." Nikakaa. Nilikaa kwa ajili yake, si kwa ajili ya yule aliyelala kwenye jeneza, na kwa kukaa kule najilaumu mpaka leo, kwa sababu pale makaburini walikuwepo watoto wengi wakisikiliza.

Siku hizi mimi ni mwalimu hapa Musoma, nina bustani ya mboga karibu na maji, na mashine ndogo ya kumwagilia niliyoinunua kwa taabu. Nina binti, Neema, ametimiza miaka kumi na mmoja. Wiki mbili zilizopita nikiwa darasani simu ililia mara tatu mfululizo. Alikuwa mzee mmoja wa ukoo wa mume wangu, mtu mwenye heshima zake, akifoka. Amefika kwangu kuazima mashine ya maji, na binti yangu amemkatalia. Amemwambia asubiri mpaka mama arudi. "Mwalimu mzima, na mtoto wako hana adabu," alisema. "Nimeondoka. Siji tena hapo."

Nitasema ukweli wote, kwa kuwa nimewasema wengine. Nilirudi nyumbani nikikimbia, na hasira niliyokuwa nayo haikuwa kwa yule mzee. Ilikuwa kwa Neema. Nilikuwa nawaza ukoo utasema nini, mume wangu ataniuliza nini, nitakwenda na zawadi gani kuomba radhi. Nilimkuta anaosha vyombo, nikamgeuza kwa bega, na mkono wangu wa kulia ulikuwa umeshainuka hewani, mkono wa mama yangu kabisa, kabla sijausikia. Neema hakujikinga. Alinitazama tu, mikono yake ikichuruzika povu.

"Ulimwambia nini mzee?" nikamuuliza. "Sema! Ulimwambia nini?"

"Nilimwamkia, mama," akasema. "Nilisema shikamoo kwanza. Halafu nikasema hapana."

Mkono wangu ulishuka wenyewe. Nilikaa kwenye kigoda palepale karibu na vyombo, nikalia, na mtoto akaogopa, akadhani amenikosea. Nilishindwa kumweleza. Nililelewa na watu wazima wengi, wacha Mungu, wenye mithali kwa kila jambo, na hakuna hata mmoja aliyeniambia kwamba maneno hayo mawili yanaweza kutoka katika kinywa kimoja.